Mionzi Ndani ya Dawa: Tujifunze Kuhesabu Nusu kwa Nusu



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, mwezi huu tunawaletea somo linalohitaji kalamu na karatasi. Wazazi wenye watoto wa sekondari wawaite wakae karibu, maana sehemu ya somo hili wanafundishwa darasani katika fizikia. Lakini hatuliandiki kwa ajili ya mtihani. Wapo wagonjwa kutoka huku kwetu Kinyala na sehemu nyingine za Rungwe wanaopewa rufaa kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kutibiwa kwa mionzi. Wanaporudi, familia hujiuliza: Je, mama huyu bado ana mionzi mwilini? Tunaweza kula naye? Mtoto anaweza kupanda mapajani mwake? Itakwisha lini?

Maswali hayo ni ya haki. Jibu lake linapatikana kwa hesabu ya kugawa kwa mbili tu.

Aliyemulikwa na aliyemeza

Kwanza tutofautishe wagonjwa wa aina mbili.

Wa kwanza ni yule aliyemulikwa na mashine kutoka nje. Hapa yumo aliyepigwa picha ya eksirei, na pia mgonjwa wa saratani aliyelala chini ya mashine ya kobalti. Mionzi humpitia kama mwanga wa tochi unavyopita kwenye kioo. Tochi ikizimwa, kioo hakibaki kinawaka. Mgonjwa huyu hana mionzi yoyote anapotoka chumbani. Anaweza kumbeba mtoto, kupika, kulala na mwenzi wake na kukaa kanisani bega kwa bega na wengine tangu siku hiyo hiyo. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliyemaliza matibabu ya mashine hawezi kumwambukiza mtu mionzi.

Wa pili ni yule aliyemeza au kuchomwa dawa yenye mionzi ndani yake. Huyu hubeba chanzo cha mionzi mwilini kwa muda fulani, na ndiye tutakayemzungumzia leo.

Iodini na tezi la shingo

Nyanda za Juu Kusini zilijulikana tangu zamani kwa ugonjwa wa rovu. Wazee wetu wanakumbuka vidonge vya mafuta yenye iodini vilivyogawiwa katika miaka ya 1980, na baadaye, katikati ya miaka ya 1990, ikaja sheria ya kutia iodini kwenye chumvi. Sababu yake ni kwamba tezi la shingo linahitaji iodini ili lifanye kazi. Likikosa, huvimba.

Wapo wengine ambao tezi lao hufanya kazi kupita kiasi. Moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu hukonda ingawa anakula vizuri, hutoka jasho, na pengine macho hutokeza. Baadhi yao hutibiwa kwa vidonge vya kawaida, baadhi kwa upasuaji, na baadhi kwa iodini yenye mionzi, iitwayo iodini-131. Mgonjwa humeza dozi yake kama kidonge au maji. Kwa kuwa tezi la shingo lina njaa ya iodini, huivuta kwake, na mionzi huunguza taratibu chembe zilizozidi kazi. Dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kikubwa zaidi, hutumika kwa aina fulani za saratani ya tezi hilo.

Tafadhali tusichanganye mambo. Iodini iliyomo kwenye chumvi ya dukani ni iodini-127. Haina mionzi kabisa. Endeleeni kutumia chumvi yenye iodini bila woga.

Nusu maisha ni nini

Kila kitu kimeundwa na chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Atomi nyingi zimetulia. Atomi za iodini-131 hazijatulia. Kila moja, wakati wake ukifika, hutoa mionzi na kugeuka kuwa atomi ya zenoni, ambayo ni hewa isiyodhuru. Ikishageuka, imemaliza kazi. Hakuna anayeweza kusema atomi ipi itageuka leo na ipi kesho, kama vile mama anayekaanga bisi asivyoweza kusema ni punje ipi itakayopasuka sasa hivi.

Lakini zikiwa nyingi sana, mwenendo wao wote kwa jumla unajulikana kwa uhakika. Kwa iodini-131, katika kila siku 8, nusu ya zilizopo hugeuka. Muda huo wa siku 8 huitwa nusu maisha. Haubadilishwi na moto, baridi, dawa ya kienyeji wala kitu kingine.

Watoto wanaweza kujionea nyumbani. Chukueni maharage 64, kila moja litiwe alama ya wino upande mmoja. Yatikiseni kwenye bakuli na kuyamwaga mezani. Ondoeni yote yaliyoangukia alama juu. Yatabaki karibu 32. Rudieni, yatabaki karibu 16, kisha karibu 8. Kila mtikiso ni nusu maisha moja. Hamtapata namba kamili, kwa sababu maharage ni machache. Atomi katika dozi moja ni nyingi kupita hesabu ya kawaida, kwa hiyo nusu yao hutoka sawasawa.

Namna ya kuhesabu

Hesabu ina hatua mbili.

Hatua ya kwanza: gawanya siku zilizopita kwa nusu maisha. Hapo unapata idadi ya mara za kukata.

Hatua ya pili: kata kwa nusu mara hizo.

Tuseme dozi ilikuwa na mafungu 400 ya mionzi. Baada ya siku 24 yamebaki mangapi? 24 kugawanya kwa 8 ni 3. Basi tunakata mara 3: 400, 200, 100, 50. Yamebaki mafungu 50, yaani sehemu moja kati ya 8.

Orodha yake ni hii:

Siku ya kwanza: 400
Baada ya siku 8: 200
Baada ya siku 16: 100
Baada ya siku 24: 50
Baada ya siku 32: 25
Baada ya siku 40: 12.5
Baada ya siku 80: chini ya nusu fungu moja

Mwone kwamba baada ya kukata mara 10, yaani siku 80, kinachobaki ni sehemu moja kati ya 1,024. Hii ni kanuni nzuri ya kukumbuka kwa dawa zote za aina hii: nusu maisha 10 zikipita, imebaki kama elfu moja ya ile ya mwanzo.

Makosa mawili ya kawaida

Kosa la kwanza ni kusema: "Nusu imekwisha kwa siku 8, basi nusu ya pili nayo itakwisha kwa siku 8 nyingine, jumla siku 16." Sivyo. Siku 8 za pili hazikati ile 400 ya mwanzo, zinakata ile 200 iliyobaki. Baada ya siku 16 bado kuna robo nzima.

Kosa la pili ni la siku za katikati. Baada ya siku 4 imebaki kiasi gani? Wengi husema robo imeondoka, kwa hiyo yamebaki 300. Hapana. Siku 4 ni nusu ya nusu maisha, na siku 4 za mwanzo hukata kwa kiwango kile kile kama siku 4 zinazofuata. Tunatafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata nusu. Namba hiyo ni kama 0.707. Basi 400 mara 0.707 ni karibu 283. Siku 4 zikipita tena, 283 mara 0.707 ni 200. Hesabu imekubali.

Usichelewe tarehe uliyopewa

Hesabu hii inamgusa mgonjwa hata kabla hajapanda basi. Iodini-131 hutengenezwa katika mitambo ya nyuklia, na nchini mwetu hatuna mtambo wa aina hiyo. Dawa huagizwa kutoka nje, na tangu inapotengenezwa inaendelea kupungua ndani ya chombo chake, iwe ndani ya ndege au stoo. Hospitali inayohitaji mafungu 400 siku ya matibabu, ikiwa dawa itachukua siku 8 kufika, lazima iagize 800.

Sasa mgonjwa akipangiwa Jumatatu, akaja Ijumaa kwa sababu ya msiba au mavuno ya viazi, ile 400 aliyowekewa imekuwa 283. Akichelewa siku 8, ni 200. Dawa hii haitunziki kabatini kama vidonge vya malaria. Kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni safari ya takriban kilomita 900. Familia na jumuiya ndogo ndogo zimsaidie mgonjwa nauli mapema, awahi siku mbili kabla. Kama kuna dharura, apige simu hospitali ili apangiwe tarehe nyingine.

Debe lenye matobo mawili

Mpaka hapa tumehesabu kana kwamba dawa imekaa kwenye chupa. Mwilini hupungua upesi zaidi, kwa sababu mwili nao huitoa, hasa kwa njia ya mkojo. Ni kama debe la maji lenye matobo mawili: tobo la kwanza ni kugeuka kwa atomi zenyewe, tobo la pili ni mkojo.

Hesabu yake ni hii: zidisha muda wa tobo la kwanza kwa muda wa tobo la pili, kisha gawanya kwa jumla yao. Tuseme kwa mgonjwa fulani mwili peke yake ungetoa nusu ya dawa kwa siku 24. Basi 8 mara 24 ni 192. 8 na 24 ni 32. 192 kugawanya kwa 32 ni 6. Kwa mgonjwa huyo, mionzi mwilini hupungua kwa nusu kila siku 6, si kila siku 8. Ndiyo maana tunawahimiza kunywa maji mengi na kwenda haja ndogo mara kwa mara katika siku za kwanza, kama daktari hakuwakataza maji.

Muda wa tobo la pili hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo msijipangie siku ninyi wenyewe kwa kalamu. Hesabu hii inawasaidia kuelewa kwa nini daktari ameandika siku alizoandika.

Mambo ya kuzingatia

Hospitali humpa mgonjwa karatasi ya maelekezo. Aisome na mtu wa nyumbani kabla ya kuondoka. Aliyepewa dozi kubwa ya saratani hulazwa katika chumba chake peke yake mpaka mionzi ipungue. Aliyepewa dozi ndogo huruhusiwa mapema. Kwa kawaida maelekezo ni haya:

1. Aulize kabla ya kuondoka kama anaruhusiwa kupanda basi la safari ndefu. Kukaa siku nzima karibu na mama mjamzito au mtoto si sawa na kusalimiana. Pengine itafaa apumzike kwanza siku kadhaa mjini, kwa ndugu asiye na watoto wadogo.

2. Nyumbani alale kitanda chake peke yake kwa siku alizoandikiwa, na akae mbali na watoto wadogo na akina mama wajawazito. Umbali una nguvu kubwa. Ukitoka mita 1 ukasimama mita 2, mionzi inayokufikia si nusu bali ni robo. Ukisimama mita 3, ni sehemu moja kati ya 9. Kusalimia kutoka mlangoni ni salama. Kumpakata mtoto usiku kucha ndiko kunakokatazwa.

3. Mkojo, jasho na mate vina dawa katika siku za kwanza. Atumie kikombe, sahani na taulo zake, vioshwe vizuri. Chooni akae chini hata akiwa mwanamume, amwage maji ya kutosha, na anawe mikono kwa sabuni.

4. Mama mjamzito hapewi dawa hii kamwe, kwa kuwa itavutwa na tezi la mtoto tumboni na kuliharibu. Kila mwanamke asiye na uhakika aseme ukweli kabla ya kumeza. Anayenyonyesha naye aseme mapema, kwa sababu atatakiwa kuacha kabla ya matibabu wala hatamnyonyesha tena mtoto huyo.

5. Baada ya matibabu mwanamke husubiri kwa kawaida miezi 6 kabla ya kupata mimba, na mwanamume miezi 4 kabla ya kutafuta mtoto. Kwa mwanamke, sababu kubwa ya miezi hiyo ni kulipa tezi nafasi ya kutulia na kupimwa damu, maana kufikia hapo mionzi yenyewe imekwisha zamani.

Si kila mionzi huondoka upesi

Iodini-131 ni ya siku 8, lakini zipo nyingine za miaka. Kobalti-60 ya kwenye mashine ina nusu maisha ya miaka 5 na robo hivi. Mashine iliyomtibu mgonjwa kwa dakika 2 leo itahitaji dakika 4 baada ya muda huo, mpaka kobalti ibadilishwe. Sezi-137 ina nusu maisha ya miaka 30.

Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili walichukua chuma kutoka jengo la zahanati ya mionzi lililokuwa limeachwa, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sezi-137 uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu waliushangaa, wakagawiana, wengine wakajipaka. Watu 4 walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6, na watu 249 walikutwa wamechafuliwa na mionzi. Fanyeni hesabu wenyewe: kutoka 1987 hadi 2017 unga huo ulipungua kwa nusu tu.

Wanaonunua na kuokota vyuma chakavu waijue alama ya hatari: mapanga matatu yaliyozunguka duara dogo, mara nyingi kwenye rangi ya njano. Ukiiona kwenye chuma au kasha, usifungue, usibebe, wazuie watoto, toa taarifa polisi. Kazi ya kusimamia vyanzo hivi nchini ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kuchukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyoanza mwaka 1983.

Hofu isiyo na hesabu

Sasa tuseme lililotusukuma kuandika. Tumepata kuwahudumia akina mama waliorudi kutoka matibabu ya iodini wakiwa na afya nzuri, lakini wenye huzuni kubwa. Mama mmoja alituambia kwamba miezi minne imepita na bado mama mkwe anamtengea sahani, hapiki chakula cha nyumba nzima, na mwanawe wa miaka mitatu hukimbizwa kwa shangazi kila anapomsogelea. Alifikia kusema, "Afadhali ningebaki na ugonjwa wangu."

Tuhesabu. Miezi minne ni siku 120. 120 kugawanya kwa 8 ni 15. Kata kwa nusu mara 15: imebaki sehemu moja kati ya 32,768. Na hapo hatujaliweka tobo la pili. Tukihesabu kwa siku 6, kama katika mfano wetu wa juu, ni kukata mara 20, na inabaki chini ya sehemu moja kati ya milioni. Mama huyo hakuwa na kitu cha kumdhuru mtoto. Kilichomdhuru mtoto ni kukosa mapaja ya mama yake.

Kumtenga mgonjwa kwa siku alizoandika daktari ni upendo, kwa mgonjwa na kwa wadogo. Kuendelea kumtenga siku hizo zikishapita ni kumwonea. Kristo aliwagusa wenye ukoma wakati wengine walipowakimbia, nasi leo tumepewa pia elimu ya kujua siku ya kumkumbatia tena ndugu yetu. Basi mgonjwa akirudi, andikeni kwenye kalenda ya ukutani siku ya kumeza dawa na siku ya mwisho ya kujitenga. Siku hiyo ikifika, viti visogezwe, vyakula viwe vya pamoja, na mtoto arudi mapajani.

Maswali ya kujipima

1. Teknishiamu-99m, inayotumika kupiga picha za mifupa, ina nusu maisha ya saa 6. Mgonjwa amechomwa saa 2 asubuhi. Bila kuhesabu mkojo, kesho yake saa 2 asubuhi imebaki sehemu gani?

2. Hospitali inahitaji mafungu 300 ya iodini-131 siku ya matibabu. Dawa itakaa njiani siku 16. Iagize mafungu mangapi?

3. Mgonjwa wa saratani amemaliza jana matibabu ya mashine ya kobalti. Asubiri siku ngapi kabla ya kumbeba mjukuu wake?

Majibu: (1) Saa 24 kugawanya kwa 6 ni 4, kata mara 4, imebaki sehemu moja kati ya 16. (2) 1,200. (3) Hata moja. Ambebe leo.

Mungu awabariki, na awape nafuu wagonjwa wetu wote.